Kamati ya Kuchunguza Beseni

Kijiwe chetu kiko Lurambi, pale barabara ya Mumias inapoachana na ya Webuye, na trekta za miwa hupunguza mwendo hapo kiasi kwamba hata mzee anaweza kuchomoa muwa bila kukimbia. Benchi ni ubao wa trela lililoanguka, umelazwa juu ya mawe mawili, na ni langu mimi Osiako, fundi wa viatu, ambaye watu wameniita Soli mpaka mama yangu naye akaanza. Niliuweka wateja wakalie wakingoja. Lakini mteja hukaa dakika kumi, na hawa wengine hukaa siku nzima. Kuna Hezekiah, tunayemwita Gazeti. Alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, akastaafu na tabia ya kusoma visivyo vyake, na siku hizi anasoma gazeti lililofungia nyama, kwa hivyo habari zake zina mafuta na zimechelewa wiki mbili. Kuna Osundwa, jina la kijiweni Askofu. Hana kanisa. Amepitia makanisa matano, na kila alilotoka alitoka na methali moja ambayo hakuielewa. Kuna Shikanga wa Navakholo, mpakiaji wa miwa, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, tuliyemwita Gambuti kwa sababu alivaa gambuti nyeusi, zile buti ndefu za mpira, kiangazi na masika. Na kila saa nne asubuhi anafika Yakub wa Mumias na birika lake la kahawa juu ya makaa, salamu alekum, na hapo kikao kinafunguliwa. Haya ninayosimulia ni ya mwaka wa tisini na sita, mwezi wa pili, jua likiwa limekausha hata mate, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

— Leo wameingia kumi na wawili, alisema Gazeti. Mimi nimehesabu.

— Wametoka wangapi? Askofu aliuliza.

— Kumi na wawili.

— Basi hawaliwi.

— Wewe unajuaje wametoka na nini pungufu?

Tulikuwa tunaangalia ng'ambo ya barabara, kwenye uchochoro unaoingia nyuma ya kinu cha posho. Huko nyuma kulikuwa na kibanda cha mabati ambamo kanisa dogo lilisali Jumapili, watu ishirini hivi na ngoma moja. Alhamisi kibanda kilikuwa cha Dada Musimbi. Alikuwa mwanamke wa upande wa Maragoli, wa umri wa miaka arobaini hivi, na kazi yake ilikuwa moja. Anaweka kigoda, anaweka beseni la maji yenye dawa ya zambarau, na anaosha miguu ya kila aliye na funza. Anaosha, halafu anawatoa kwa pini. Wanaenda kwake wakata miwa, wachuuzi wa makaa, wabeba mizigo, na walevi wa mtaa wa Masingo ambao hata mama zao walikuwa wamechoka nao.

— Hata sadaka haombangi, alisema Askofu. Hilo ndilo linanitisha. Kanisa lisiloomba sadaka ni kama mbwa asiyebweka.

— Mbwa asiyebweka ana nini?

— Anauma.

— Sikilizeni, alisema Gazeti. Mwaka ujao kuna uchaguzi. Huyo anahesabu watu. Kila mguu anauweka kwenye kitabu.

— Mtu ana miguu miwili na kura ni moja, nilimwambia.

— Ndiyo maana serikali haitaki aseme. Hesabu yake ni kubwa kuliko watu.

Yakub alimimina, akampa kila mtu kikombe. Alisema:

— Sisi tunaosha miguu mara tano kwa siku, na hamjawahi kutuundia kesi.

— Yenu ni yenu wenyewe, alisema Askofu. Huyu anaosha ya watu. Na hiyo zambarau haitoki wiki nzima. Mmesoma Ufunuo? Kuna alama.

— Ile ya Ufunuo iko kwa mkono na kwa paji la uso.

— Wameanza chini. Watapanda.

Gazeti alitikisa kichwa kama mtu anayeona nchi ikipotea. Akashusha sauti.

— Nyinyi bado hamjafika. Jiulizeni, maji ya beseni anayamwaga wapi? Hapa Kakamega wazungu walichimba dhahabu. Udongo wetu una dhahabu. Sisi tunatembea nayo katikati ya vidole kila siku, wajinga kabisa. Yeye anaosha vidole, anachuja maji jioni. Ni kazi ya mgodi hiyo, na mgodi wenyewe ni sisi.

Hata mimi niliangalia vidole vyangu kidogo, nawaambia ukweli.

Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na gambuti zake zimenyooka mbele yake kama vitu vya mtu mwingine.

Sasa niseme jambo. Fundi wa viatu anajua siri kuliko padri. Mtu anaweza kumdanganya mke na daktari, lakini kiatu kinaongea. Nilijua Askofu aliniomba nitoboe kiatu chake cha kulia upande wa kidole kidogo, ati mguu upumue. Nilijua Gazeti hunitumia kiatu cha kushoto peke yake, kimefungwa kwa karatasi, kwa sababu hataki kukivua mbele yangu. Na nilijua Gambuti alinijia siku moja ya mvua na gambuti iliyopasuka kisigino, akataka niishone ikiwa mguuni. Nilishona hivyo hivyo, nimeshikilia pumzi, maana harufu ilitoka mle kama kitu kimekufa. Hatukuliongea. Kwetu, mtu akiwa na funza watu husema ni mchafu, ni mvivu, na mke wake halali pazuri. Mtu mzima atakubali kuitwa mwizi kabla ya hilo.

Na siku iliyotangulia, Jumatano, mimi na Yakub tulikuwa tumesikia nyapara wa wapakiaji akimwambia Gambuti hapo hapo barabarani, mbele ya watu:

— Shikanga, unatembea kama kinyonga juu ya makaa. Trekta haiwezi kukungoja. Ukiwa hivyo Jumatatu, usipande.

Gambuti alikuwa amecheka, akasema ni baridi yabisi. Jua lilikuwa la utosi.

Ndiyo sababu, baada ya ile habari ya dhahabu, Yakub aliketi juu ya debe lake la vikombe. Huwa haketi. Akasema polepole, kama mtu asiyejali:

— Gazeti, haya yote ni mazito. Lakini bila ushahidi ni uvumi. Mtu wa ofisi kama wewe anajua.

— Kweli kabisa, alisema Gazeti. Ushahidi unatakiwa.

— Basi mtu aende akaone.

— Aende.

— Lakini pale hawaingizi mtazamaji. Lazima uketi kwenye kigoda. Na kuketi kwenye kigoda lazima uwe na funza.

Trekta ilipita, ikamwaga majani ya miwa, na hakuna aliyegeuka.

— Mimi sina, alisema Gazeti.

— Hata mimi, alisema Askofu. Mamangu alitufunza usafi. Na wahenga walisema, asiye na funza kwa mamaye, ulimwengu utampa funza.

— Wahenga hawakusema hivyo, nilimwambia.

— Wa kwenu pengine. Na wewe Soli, unazo?

— Fundi wa viatu atapataje funza?

— Basi kamati haina mjumbe, alisema Yakub, akaanza kusuuza vikombe bila haraka. Pole sana. Dhahabu itaenda.

Alisuuza kimoja. Akasuuza cha pili. Sauti ndogo ikatoka mwisho wa benchi.

— Mimi naweza kwenda.

Hatukumwangalia. Hilo nawasifu wote, pamoja na Gazeti. Kila mtu aliangalia kahawa yake.

— Kwa uchunguzi tu, alisema Gambuti.

— Uchunguzi tu, alisema Gazeti.

— Lakini wewe huna funza, alisema Askofu.

— Sina. Nitajifanya niko nazo.

— Utaweza kujifanya?

— Nitajaribu.

Gazeti alitoa kalamu, akaandika maswali matano pembeni mwa gazeti, juu ya tangazo la mbegu za mahindi, akachana kipande hicho akanipa. Alisema mjumbe lazima awe na shahidi, na shahidi ni mimi kwa sababu nimefika darasa la saba. Tulipoinuka, Yakub alinivuta aproni.

— Chukua kisu chako cha ngozi, alininong'oneza. Hizo gambuti hazitatoka kwa kuvutwa.

Tulivuka barabara. Hatua thelathini, lakini tulizitembea kwa muda mrefu, maana alikuwa anakanyaga kwa pembeni za nyayo, mdomo umefungwa, jasho likimtoka kwenye masharubu. Nilijifanya nimesimama kusoma maandishi ya kinu ili apumzike.

Mle ndani Dada Musimbi alikuwa ameketi chini kabisa, kwenye gunia, sketi imekunjwa chini ya magoti. Kigoda kilikuwa mbele yake. Kwa hivyo ukiketi, wewe uko juu na yeye yuko chini, na kichwa chake kinafika kwenye magoti yako.

— Mulembe, alisema.

— Mulembe muno.

— Nani ana miguu?

— Sote tuna miguu, nilisema.

— Basi keti nawe.

— Ni yeye, nilisema haraka. Mimi ni shahidi.

Hakuuliza shahidi wa nini. Gambuti aliketi, kigoda kikalalamika. Musimbi alishika kisigino cha gambuti, akavuta kidogo, akamwangalia usoni, akaacha.

— Tangu lini?

— Tangu Krismasi.

— Hujavua tangu Krismasi.

— Nikienda nyumbani Navakholo nalala nazo. Nimemwambia Edah, mke wangu, ni kwa ajili ya wezi. Ati mwizi akija nisichelewe kutoka.

Alilisema akiangalia mabati. Musimbi hakucheka wala hakusikitika. Alinigeukia mimi.

— Una kisu, wewe shahidi?

Nimekata ngozi na mpira miaka kumi na tisa, lakini kukata kiatu chenye mtu ndani ilikuwa mara ya kwanza. Nilianza juu, kwenye shavu la mguu, nikashuka polepole, nikaingiza kidole changu kati ya mpira na mguu ili kisu kisipite. Gambuti ilifunguka kama ganda la ndizi. Sitawaeleza yote. Vidole vilikuwa havina umbo la vidole. Kisigino kilikuwa na matundu kama sega la nyuki. Harufu ilijaa kibandani, nami niligeuza uso nikajifanya natafuta kisu, ambacho nilikuwa nimekishika.

Musimbi hakugeuza uso. Aliinua mguu ule kwa mikono miwili, akauteremsha kwenye maji ya zambarau kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

— Yanauma?

— Kidogo.

— Yataongezeka. Njoo ushike hapa, wewe shahidi. Mkono wangu hautoshi.

Nilishika. Miaka yote hiyo nimeshika viatu vya watu, na sikuwa nimewahi kushika mguu wa mwanamume mwenzangu. Ulikuwa mzito na wa moto.

Miguu ilipolainika, alitoa pini mpya kutoka kwenye karatasi yake, akaipitisha kwenye moto wa mshumaa, akaanza. Akimaliza mtu mmoja, pini hiyo anaikunja na kuitupa kwenye kopo. Mtu wa pili, pini ya pili. Miaka hiyo tulikuwa tunazika watu kila wiki. Kila mtu alijua ni ugonjwa gani, na hakuna aliyeutaja jina. Lakini pini ya funza ilikuwa bado inaazimwa boma hadi boma kama kiberiti. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiikunja.

Gambuti alikuwa anasaga meno. Nikaona nimsaidie kwa kumpotezea mawazo, nikatoa karatasi.

— Dada, kuna maswali kidogo. Swali la kwanza. Unatumwa na nani?

— Nani ameandika?

— Kamati.

— Kamati ya nini?

— Ya beseni lako, alisema Gambuti.

Musimbi alicheka mpaka akaweka pini chini. Alicheka vizuri, mabega yakitikisika, akajipangusa macho kwa kiwiko.

— Iambie kamati nilikuwa mwalimu wa nasari. Nilikuwa na watoto thelathini kwenye rejista na kumi na mmoja darasani. Nikaenda kwao kuwakaripia wazazi. Nikakuta watoto wanatambaa. Mtoto wa miaka sita anatambaa. Sasa ningemfundisha a e i o u ili akaandike wapi? Haya, la pili.

— Funza unawapeleka wapi?

— Hapo, alisema, akaonyesha kopo kwa mdomo. Kuna mafuta ya taa, na jioni nawachoma. Kwani mlitaka kuwafanyia matanga?

— La tatu. Mbona huhubiri?

— Umewahi kuchomwa pini chini ya ukucha? Ulisikia mahubiri gani?

— La nne. Mbona huombi sadaka?

Alimalizia kidole kwanza. Alikuwa ametoa funza mkubwa, mweupe kama punje ya mchele, akamtia kwenye kopo.

— Nikiomba sadaka, watakuja wenye viatu vizuri. Hao kanisa lao liko tayari.

La tano lilikuwa la dhahabu. Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Ilichukua muda mrefu sana. Kinu cha posho kilizimwa, kikawashwa tena. Kwenye kisigino cha kushoto Gambuti alilia. Hakulia kwa sauti. Maji tu yalimtoka, yakashuka kwenye shingo, na hakuyapangusa kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika kigoda. Halafu akauliza:

— Dada, hutaniombea?

— Naomba.

— Lakini hujafumba macho.

— Nikifumba macho nitakuchoma pasipostahili. Mungu anajua kazi ya pini.

Alimpaka mafuta, akamfunga vitambaa safi. Alimwambia arudi Alhamisi tatu, sakafu ya nyumba imwagiwe maji na kupakwa samadi, na asivae tena kitu kisichopitisha hewa.

— Na mwizi akija? alisema Gambuti. Nilijua hapo kwamba amepona nusu.

— Utamkimbiza vizuri zaidi.

Nilivuka peke yangu, nikakata akala kutoka kipande cha tairi nililokuwa nimelihifadhi, nikampelekea. Alitoka nazo. Ndiyo mara ya kwanza sisi wa Lurambi kuiona miguu ya Shikanga. Ilikuwa mikubwa, ya zambarau, imefungwa nyeupe, na kila mtu kwenye benchi aliitazama kisha akatazama angani.

— Haya, ripoti, alisema Gazeti.

Gambuti aliketi. Alipokea kahawa, akapuliza, akanywa nusu.

— Kuna siri, alisema.

— Nilijua. Nilisema mimi. Siri gani?

— Haisemeki.

— Ni dhahabu?

— Siwezi kusema. Mtu huambiwa akiwa ameketi kwenye kigoda. Na kila mtu anaambiwa yake.

Nilimwangalia. Tangu nimjue, alikuwa hajawahi kusema uongo nje ya ule wa gambuti, na sasa alikuwa anausema bila kupepesa jicho, uso umetulia kama sahani iliyooshwa.

— Soli, ulikuwepo, alisema Askofu. Aliambiwa nini?

— Mimi sikuketi, nilijibu.

Yakub alikuwa ameinamia makaa. Aliyapuliza kwa muda, na hayakuhitaji kupulizwa.

Alhamisi iliyofuata Gazeti hakuwa kijiweni saa nne. Alitokea uchochoroni saa sita, viatu mkononi, akasema alikwenda kuthibitisha ripoti, maana ripoti ya mtu mmoja haikubaliki ofisini. Tulimwuliza kuhusu siri. Alisema ipo, na ni nzito kuliko alivyodhani. Askofu alishikilia wiki mbili nzima. Alisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini yeye hawezi kuvulishwa viatu na mwanamke. Halafu kidole kidogo kikamzidi, akaenda, kwa niaba ya madhehebu. Aliporudi, hakuwa na methali hata moja mpaka Jumamosi.

Na mimi nilikwenda. Nilikwenda jioni, wateja wakiwa wameisha. Fundi wa viatu huvaa viatu vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, na watu hudhani ni matangazo ya biashara. Musimbi aliponiona alisogeza kigoda kwa mguu.

— Karibu, shahidi, alisema. Niliketi.

Kuhusu Gambuti, Jumatatu ile nyapara hakumpandisha trekta, wala Jumatatu iliyofuata. Alikaa nasi kijiweni, nikampa kazi ya kunisugulia soli. Jumamosi alikwenda nyumbani Navakholo na akala zake, na tulipoonana tena tulimwuliza Edah alisema nini.

— Hakusema kitu, alijibu. Aliangalia. Halafu akaleta maji akanawisha vumbi. Halafu akasonga obusuma, tukala.

— Na wezi?

— Hajawauliza tena.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, trekta zikawa zinakwama na nyapara akahitaji mabega, Gambuti alipanda tena. Alhamisi ambayo hakuna trekta ya kupakia, alikuja kijiweni kama zamani.

Alhamisi moja ya namna hiyo tulikuwa wote. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, na uchochoroni watu walikuwa wamejipanga mpaka barabarani. Ungefikiri baada ya yote hayo kamati ingekuwa imevunjwa. Ilikuwa imepata nguvu. Sasa kila mjumbe alikuwa ameketi kwenye kigoda, kila mmoja alikuwa na siri ambayo hakuwa nayo, na nadharia zilikuwa zinanenepa.

— Atachukuliwa Nairobi, Gazeti alisema. Kuna gari litakuja. Jeupe, la vioo vyeusi. Watu kama hao huwekwa mahali miaka mitatu, halafu wanapewa cheo.

— Cheo cha miguu?

— Waziri wa Miguu. Usicheke. Kuna waziri wa vitu vidogo kuliko hivyo.

— Hapana, alisema Askofu. Amejiwekea hazina mbinguni. Kila funza ni kito kwenye taji. Amekwisha kututangulia, sisi tumekuwa ngazi yake. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia kivulini, ama hula kivulini?

— Yote mawili.

— Kwa kweli anapata kitu, alisema Gambuti, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kupenda mchezo huu. Mtu hawezi kukaa kwa gunia mwaka mzima bila kupata kitu.

— Anapata, tukakubaliana wote.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja wa Kinandi na mtungi wa maziwa mgongoni. Ukanda wa ndara yake ulikuwa umekatika. Alisema anaitwa Jeruto, ametoka upande wa Kapsabet, ni mara yake ya kwanza kuuza Lurambi. Nilimpa nafasi ya mwisho wa benchi, nikachukua shazia na uzi. Alikaa akisikiliza. Alitazama foleni ng'ambo. Alitazama miguu yetu, minne, sita, minane, yenye mabaki ya zambarau kwenye kucha.

— Huyo mama ndiye amewaosha nyinyi? aliuliza.

— Kwa uchunguzi, alisema Gazeti.

— Anaanza saa ngapi?

— Saa moja asubuhi.

— Mpaka?

— Mpaka foleni iishe. Saa kumi na moja, saa kumi na mbili.

Jeruto alihesabu kichwani. Sasa ilikuwa inakaribia saa nane.

— Na chakula anakula wapi?

Gazeti alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kujibu kabla swali halijaisha, na niliona jibu likija mpaka kwenye meno, likarudi. Alimwangalia Askofu. Askofu alimwangalia Gambuti. Gambuti aliniangalia mimi, na mimi nilikuwa nimeangalia uchochoro ule kila Alhamisi tangu mwaka uanze, nimehesabu walioingia na waliotoka, na sikuwa nimewahi kuona sahani ikiingia.

— Ana watu? Jeruto aliuliza tena. Hakuwa anatushtaki. Alitaka kujua tu.

Mvua ilianza kudondoka upya, moja moja. Nilivuta uzi, nikakata, nikampa ndara yake. Alivaa, akashukuru, akainua mtungi, akaenda zake na maziwa yake kabla hajanyeshewa.

Yakub aliinua birika akalitikisa. Ilikuwa imebaki kahawa ya kikombe kimoja. Askofu alikuwa tayari amenyoosha mkono, kama kawaida ya kikombe cha mwisho, lakini Yakub hakumpa. Alichagua kikombe kisichopasuka, akakisuuza mara mbili, akamimina taratibu mpaka machicha ya tangawizi yakatoka, akakifunika kwa kisahani.

— Nani anapeleka? alisema.

Gambuti alisimama. Nami nikasimama. Gazeti akakunja gazeti lake akaliweka kichwani kwa ajili ya mvua, na Askofu akafuata nyuma. Tulikuwa tumefika katikati ya barabara, wanaume wanne na kikombe kimoja, Gambuti amekishika kama yai, ndipo Askofu akasimama ghafla hapo hapo kwenye tope.

— Ngojeni kwanza, alisema. Kwani anakunywanga kahawa?

Tuliangaliana. Hilo nalo hakuna aliyelijua.